Wikendi ya pwani hupangwa na jua na maji

Mtu akiniambia anapanga wikendi ya kupumzika kwenye mji wa pwani wa nchi za joto, siku mbili tatu za kuvaa ukapendeza, kula bila haraka na kulala bila kengele ya simu, simwulizi kwanza hoteli gani. Namwuliza maji yanajaa saa ngapi Jumamosi hiyo. Wengi hunyamaza. Tiketi wameshakata, chumba wameshachagua kwa picha, orodha ya sehemu za kutembelea imeshajaa ukurasa mzima, lakini vitu vitatu vinavyouendesha mji wenyewe, yaani jua, upepo na bahari, hakuna aliyevitazama. Jumapili usiku wanarudi hoi, wanalalamika kwamba mji ule una joto.

Una joto, ndiyo. Miji yote ya pwani ya tropiki ina joto, na waliozaliwa humo wanaishi nalo vizuri, tena wakiwa nadhifu kutwa nzima. Wanajua saa ya kutoka na saa ya kukaa ndani, na hawaoni haya kukaa ndani. Nimepanga safari za namna hii miaka mingi, zangu na za ndugu na marafiki, na kila ninavyozidi kupanga ndivyo ninavyozidi kupunguza. Wikendi ya pwani ninayoiamini ina mambo machache mno, kila jambo limewekwa kwenye saa yake, na katikati pana nafasi tupu ambayo simruhusu mtu kuigusa.

Tuanze na jua. Tropiki ni ule ukanda ulio kati ya nyuzi 23 na nusu hivi kaskazini mwa ikweta na nyuzi hizo hizo kusini, na popote ndani yake jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Havana na Rio de Janeiro ziko ukingoni kabisa, kila mmoja upande wake. Singapore umekaribia kukaa juu ya ikweta yenyewe. Miale inayounguza ngozi huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Hizo ni saa sita, na kwa kuwa karibu na ikweta mchana na usiku hugawana karibu sawa kwa sawa mwaka mzima, ni nusu ya mchana wako wote. Zinabaki sehemu mbili tu za kufanyia mambo: alfajiri hadi saa nne, kisha saa kumi hadi usiku. Ukilikubali hilo mapema, ukaacha kulipigania, nusu ya mpango imekwisha.

Sehemu ya asubuhi ndiyo wengi wanailala. Sina nia ya kumwamsha mtu aliyekuja kupumzika, lakini naomba asubuhi moja tu, ya Jumamosi. Toka saa kumi na mbili na nusu, kabla ya chai, na viatu vyepesi. Barabara inafagiwa, maduka yamefungwa, rangi za kuta ziko wazi kwa sababu mwanga unakuja kwa ubavu, na mji wa kale ambao saa tano utakuwa umejaa vikundi vya watalii una wewe na mwenye kufagia. Picha zote nzuri za safari utazipata hapo. Saa tatu uko mezani unakunywa chai, saa nne umerudi chumbani au umeketi kivulini, na hakuna kitu muhimu ulichokikosa.

Jioni ina sharti lake. Karibu na ikweta jua halizami kwa mshazari, linashuka wima, na kutoka linapogusa maji hadi giza kuanza kukolea ni dakika ishirini na kitu tu. Mtu aliyezoea London, ambako mwezi Juni mwanga hubaki angani muda mrefu baada ya jua kuzama, hushangaa sana. Ukisubiri anga liwe jekundu ndipo utoke hotelini, utafika ufukweni umeshachelewa. Mimi nataka kuwa nimeketi saa nzima kabla, nimeshaagiza kinywaji, kiti kimeelekea panapotakiwa.

Na kiti kielekee wapi? Hili linahitaji ramani, kwa sababu kila mji unatazama upande wake. Miami Beach inatazama mashariki: jua huchomoza baharini na huzama nyuma yako, upande wa ghuba. (Kwa vipimo Miami iko nje kidogo ya tropiki, ila hewa yake ni ya tropiki hasa.) Marine Drive, barabara ya kando ya bahari mjini Mumbai, inatazama magharibi, ndiyo maana jioni watu hujipanga ukutani pale. Malecón ya Havana, ukuta wa bahari ulioanza kujengwa mwaka 1901 na wenye urefu wa kilomita 8 hivi, unatazama kaskazini, kwa hiyo machweo unayaona ukigeuza shingo. Salvador ya Brazili ina bahati ya pekee: sehemu kubwa ya pwani ya nchi hiyo inatazama mashariki, lakini mji huu umekaa kwenye rasi inayofunga Ghuba ya Watakatifu Wote, hivyo ukisimama karibu na mnara wa taa wa Barra unaona jua likizama majini. Dakika tano za kutazama ramani zinatosha kujua kama wikendi yako ni ya mapambazuko au ya machweo. Mji wa mapambazuko ukiupangia machweo, utalipa pesa nyingi kwenye mgahawa wa juu ya ghorofa ili utazame jua likizama nyuma ya maegesho ya magari.

Sasa maji, na hapa ndipo ninapokaa na kalenda muda mrefu zaidi.

Kwenye pwani nyingi bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku maji huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana. Yakijaa saa kumi Jumamosi, Jumapili yatajaa karibu saa kumi na moja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa mstari mmoja, na hapo tunapata bamvua: maji hupanda sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu. Basi ukiijua tarehe ya mwezi mpevu, umeshajua mengi kuhusu ufukwe wako hata kabla hujafungua jedwali la maji.

Lakini kiasi cha kupanda na kushuka hutofautiana ajabu kati ya mahali na mahali. Mfano ninaoupenda ni Panama. Jiji la Panama liko upande wa Pasifiki, na huko tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika mita 5 hivi. Ukivuka nchi hadi Colón, mwisho mwingine wa mfereji ule wa kilomita 80 hivi, uko kwenye bahari ya Karibi, na tofauti haifiki nusu mita. Nchi ni ile ile na siku ni ile ile, ila bahari hizi mbili hazifanani tabia. Broome, kaskazini magharibi mwa Australia, siku za bamvua hukaribia mita 10. Kwa hiyo anayekwenda Colón anaweza kuliacha kabisa jedwali la maji. Anayekwenda Broome au Jiji la Panama asipolitazama, ile picha ya hoteli iliyomvutia, maji ya buluu yakilamba ngazi, ataikuta imekuwa uwanja mpana wa tope na mawe, na maji yako mbali kama yamehama. Picha hazidanganyi; zilipigwa saa ya maji kujaa.

Dada yangu mkubwa alipotaka kusherehekea siku yake ya kuzaliwa pwani, tulikaa mezani kwake na simu mbili, moja imefunguliwa kalenda, nyingine jedwali la maji. Mji wenyewe ulitazama mashariki. Kulikuwa na wikendi mbili za kuchagua. Ya kwanza iliangukia maji mafu: unaweza kuogelea karibu saa yoyote, bahari haiendi mbali. Ya pili iliangukia mwezi mpevu. "Hii ya pili maji yanapwa saa sita mchana," akasema, akidhani ameshaipata kasoro yake. Nikamwambia, dada, saa sita mchana wewe utakuwa umelala. Tazama jioni. Maji yalikuwa yanajaa Jumamosi karibu na saa kumi na mbili, na mwezi mpevu huchomoza wakati jua linazama, kwa hiyo mwezi ungetokea baharini mbele yake maji yakiwa yamejaa. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi meza iwe nje, mdogo wangu, na isiwe na muziki." Kwenye mpango wote wa wikendi ile hicho ndicho kitu pekee tulichokiwekea nafasi kabla ya kuondoka.

Neno moja kuhusu kuogelea kwenye fukwe zenye mawimbi, kwa sababu uzuri wa bahari hautazami ugeni wa mtu. Ukiona mawimbi yanavunjika kulia na kushoto, na katikati kuna njia ya maji meusi kidogo, tulivu, yasiyo na povu, usiingilie hapo ukidhani ndipo salama. Mara nyingi huo ni mkondo unaorudisha maji baharini kwa nguvu. Ukishikwa nao, usishindane nao kuja pwani; ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye njia yake, ndipo urudi. Na ogelea palipo na waokoaji.

Msimu sitauzungumzia kirefu. Kwenye Atlantiki na Karibi msimu rasmi wa vimbunga ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi mibaya zaidi. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi mambo hugeuka, hatari iko kati ya Novemba na Aprili. Karibu kabisa na ikweta vimbunga ni nadra, kwa kuwa huko mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuizungusha dhoruba. Mvua ni jambo jingine. Mumbai kati ya Juni na Septemba hunyeshewa hasa, siku nzima ikitaka, na wikendi ya ufukweni wakati huo haina maana. Miji mingine mingi ya tropiki, msimu wa mvua maana yake ni mawingu yanayojikusanya alasiri, mvua kubwa ya saa moja, kisha jioni iliyooshwa. Bei iko chini, majani yako kijani, na mvua yenyewe inanyesha ukiwa umelala. Mimi naichagua miezi hiyo kwa hiari yangu.

Kinachonitisha kuliko mvua ni unyevu. Mwili hujipoza jasho linapokauka, na hewa iliyoshiba maji haiwezi kulikausha. Ndiyo sababu nyuzi 31 za mji mmoja ni raha na nyuzi 31 za mji mwingine ni adhabu. Programu nyingi za hali ya hewa zinaonyesha kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo maji huanza kudondoka. Mimi natazama tarakimu hiyo kuliko ya joto lenyewe. Ikiwa 20 hivi, tembea utakavyo. Ikipita 24, hata kupanda ngazi ni kazi, na mpango wa siku nauchukua naukata tena nusu.

Chumba ndicho kinachokula pesa nyingi, na ndipo watu wengi wanalipia kitu kisichowasaidia. Maneno "kinatazama bahari" yana bei yake duniani kote. Kabla hujayalipia, rudi kwenye ramani. Mji ukitazama magharibi, chumba kinachotazama bahari kinapigwa na jua kuanzia mchana hadi linapozama, na saa ile ile uliyoitenga ya kulala ukuta wako unatoa moto. Hapo chumba cha ubavuni, cha bei nafuu, ndicho kizuri zaidi. Mji ukitazama mashariki, chumba cha bahari kinapata jua asubuhi wakati uko nje, na mchana kiko kivulini. Hicho kilipie.

Na upepo. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya baharini, yenye ubaridi kidogo, huja kuziba nafasi. Huo ndio upepo unaoanza asubuhi ikiwa imekwenda na kushika kasi alasiri. Usiku mambo hugeuka, nchi kavu inapoa kwanza na upepo mwepesi unaelekea baharini. Chumba chenye madirisha pande mbili, dari ndefu na feni kinautumia upepo huo bure, na ukiamka ndani yake hukaukiwi koo kama aliyelala na kiyoyozi usiku kucha. Nikiandika kuomba chumba, siulizi kama ni cha kifahari. Nauliza madirisha yanafunguka? Yako pande ngapi? Kuna neti? Mhudumu wa mapokezi anayejibu maswali hayo vizuri ameshaniambia na mengine yote kuhusu hoteli yake.

Umbali pia una thamani kuliko ukubwa. Chumba kidogo kilicho dakika kumi kwa miguu kutoka mahali utakapokaa jioni kinashinda chumba kikubwa cha nje ya mji. Wikendi ni fupi, na foleni ya teksi yenye joto, ukiwa umevaa nguo yako nzuri, inaua jioni kabla haijaanza.

Tumefika kwenye mavazi, na nayachukulia kwa uzito, kwa sababu kupendeza kwenye joto ni sehemu ya kupumzika. Mtu anayejiona amekaa vizuri hatembei na wasiwasi. Kitani na pamba nyembamba havina mpinzani. Kitani hunyonya jasho haraka na kulitoa haraka, hakishiki mwili, na mikunjo yake ni sehemu ya uzuri wake, kwa hiyo usihangaike na pasi. Kata iwe pana, hewa ipite. Na wanaume wasidhani lazima wafunge tai ili waheshimike. Nchi za joto zilishalimaliza hilo zamani: guayabera, shati jepesi la mifuko minne linalovaliwa nje ya suruali, mwaka 2010 lilifanywa vazi rasmi la shughuli za serikali nchini Cuba, na Hawaii ilianza kuruhusu mashati yake ya maua ofisini siku za Ijumaa tangu miaka ya 1960. Shati zuri lililonyooka, suruali nyepesi na viatu visivyo na soksi vinaingia mahali popote pa wikendi.

Mimi nachukua begi la mkononi tu. Rangi mbili zinazokubaliana, na kila nguo iweze kuvaliwa na kila nguo nyingine. Kwa mwanamke gauni moja refu, jepesi, linalofaa ufukweni juu ya nguo ya kuogelea na mezani usiku akibadili hereni na viatu. Mtandio mkubwa hauachwi: ni kivuli, ni staha ukiingia nyumba ya ibada, na ni joto, kwa sababu migahawa mingi ya tropiki huwasha baridi kana kwamba inahifadhi samaki. Shati likilowa jasho, lifue kwenye sinki jioni, likamue kwa mkono, kisha lilaze juu ya taulo kavu, uviringishe vyote pamoja na ukanyage kwa miguu. Taulo linakunywa karibu maji yote. Litundike mbele ya feni, kola ikiwa imenyooshwa kwa vidole, na ukiamka kitani kimekauka.

Kwenye kijifuko cha bafuni, vitu viwili havina mjadala. Cha kwanza ni mafuta ya kujikinga na jua. Ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua) huzuia kama asilimia 97 ya miale inayounguza, ya 50 kama asilimia 98, kwa hiyo namba kubwa zaidi si hirizi. Kinachookoa ngozi ni kupaka ya kutosha na kurudia kila saa mbili, na kila unapotoka majini. Soma pia kilichomo. Palau, nchi ya visiwa vya Pasifiki, mwaka 2020 na Hawaii mwaka 2021 zilipiga marufuku baadhi ya kemikali, oxybenzone ikiwa mojawapo, kwa ajili ya kulinda matumbawe. Cha pili ni dawa ya mbu ya kupaka. Mbu wa Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi, anapenda sana mijini na huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama, yaani saa ile ile upepo wa bahari umelegea na wewe umeketi nje miguu wazi. Paka mafuta ya jua kwanza, yakishaingia ndipo dawa ya mbu.

Ile nafasi tupu ya katikati, saa nne hadi saa kumi, ndiyo inayonigombanisha na wasafiri wenzangu. Wanaona ni muda uliopotea. Mimi naona ndiyo wikendi yenyewe. Oga maji ya baridi kidogo, funga mapazia upande wenye jua, kula chepesi, lala. Ukiamka soma, au usifanye kitu chochote. Mwili uliolala mchana kwenye joto unaamka saa kumi ukiwa mpya, na jioni yako inakwenda hadi saa sita usiku bila kupiga miayo. Anayezunguka juani kutwa nzima saa mbili usiku anasinzia mezani mbele ya chakula alichokisubiri mwezi mzima.

Ukishindwa kabisa kukaa ndani, nenda kulikojengwa kwa ajili ya saa hizo. Miji ya zamani ya tropiki ilijengwa na watu wasiokuwa na umeme, na majibu yao bado yamesimama: kuta nene za mawe, nyua za ndani zenye miti, vichochoro vyembamba vinavyotiana kivuli. George Town ya Penang, Malaysia, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na Melaka, ina safu za nyumba ambazo ghorofa ya juu imetokeza mbele na chini yake kuna baraza ya kupita watu, nyumba hata nyumba. Singapore mpango wa mji wa mwaka 1822 uliagiza baraza za namna hiyo ziunganishwe mtaa mzima, na hadi leo unaweza kutembea mitaa ya zamani jua likiwaka au mvua ikinyesha bila kufungua mwavuli. Tembea humo taratibu, ingia makumbusho moja, siyo tatu, keti penye feni. Havana ya kale na Cartagena ya Kolombia zina nguzo na nyua zinazofanya kazi hiyo hiyo.

Ijumaa usiipangie kitu. Umefika, umeoga, umetembea mtaa mmoja kutazama mji unanukaje usiku, umekula palipo karibu, umelala. Jumamosi ina asubuhi moja ya kutembea na meza moja uliyoiwekea nafasi. Uchaguzi mwingine wote uachie siku yenyewe. Anayekaa na wenyeji kwenye kiti cha kinyozi au anayeuliza muuza magazeti wapi wanakula yeye na familia yake hupata mahali pazuri kuliko nilipowahi kupata mimi kwa kusoma maoni mtandaoni usiku kucha.

Jumapili ndiyo huharibika, na huharibika kwa ajili ya tiketi. Hoteli nyingi hutaka chumba kati ya saa nne na saa sita mchana, ndege nyingi za kurudi huondoka alasiri, na kati ya hapo unabaki barabarani na begi wakati jua liko utosini, huku ile saa tamu ya jioni ukiipitisha kwenye foleni ya ukaguzi. Kama kazi inaruhusu, rudi Jumatatu alfajiri. Kama hairuhusu, chukua ndege ya mwisho ya Jumapili usiku, na pesa ambazo ungeongeza kwa chumba cha kifahari zilipe kukaa na chumba hadi saa kumi. Hoteli ikigoma, nina maswali mawili ninayoyatuma kwa maandishi kabla sijalipa chochote: nikishakabidhi ufunguo begi langu litakaa wapi, na kuna bafu la kuoga jioni kabla sijaenda uwanja wa ndege? Wakijibu yote mawili bila kuzunguka, nalipia siku hiyo hiyo. Wakikaa kimya juu ya bafu, naendelea kutafuta.